Miaka Saba ya Kusimama

Alhamisi, tarehe 6 Machi 1997. Joto kali tangu asubuhi, na upepo wa vumbi kutoka upande wa barabara ya Wajir. Saa nne yalikuja mawingu, yakatudanganya, yakaenda zao.

Hayo ndiyo niliyoyaandika siku ile, basi. Chini yake ukurasa ni mweupe, na ukurasa unaofuata unaanza na habari za punda wa jirani aliyepotea. Sasa imepita miaka miwili na nimerudi kwenye ule mweupe. Sina hakika kama nakumbuka kila kitu kwa mpangilio wake. Mimi si msomi, niliachia darasa la sita. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Na watu wote katika habari hii walikuwa wakisema Kisomali. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho mwalimu alichonifundisha kuandikia. Kisomali nakisema tu.

Siku ile wageni walikuwa wanatoka Hadado kuja kumposa dada yangu. Baba alikuwa amefariki mimi nikiwa Jidda, na ami zetu walikuwa na mifugo huko Kotile, wakitafuta majani ambayo hayakuwapo. Hawakuweza kuja. Walituma mtu aseme hivi: mkubwa amerudi, akae yeye mahali pa baba yake, atakalosema yeye ndilo letu. Mkubwa ni mimi. Nilikuwa na miezi minne tangu nirudi.

Jumatano, siku moja kabla, dada yangu alinikuta uani nikisafisha birika kwa mchanga. Alikuwa anaanua sare yake ya shule. Alikuwa kidato cha nne, ana miaka ishirini, kwa kuwa alichelewa kuanza.

"Aboowe," akaniambia, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, "kesho utakaa wewe mahali pa baba."

"Ndiyo."

"Basi nina neno moja. Mimi sikatai mtu wao. Nimemwona, hana kasoro, masikio tu ndiyo makubwa."

Nikacheka.

"Usicheke. Wakisema wanichukue baada ya mvua, waambie hapana. Mtihani ni Novemba. Nikishaweka kalamu chini, hata siku hiyo hiyo walete lori lao. Hilo tu, sina lingine."

"Nitasema."

"Sema kwa sauti. Wewe siku hizi unasema kama mtu aliye msikitini. Mimi nitakuwa nyuma ya pazia na nitakusikia."

Nilimuuliza kwa nini asimwambie ndugu yetu, anayenifuata mimi, ambaye ndiye aliyeishi nao miaka yote hiyo. Akasema amemwambia. Jibu lilikuwa kwamba msichana mzima kusoma usiku ni kumaliza mafuta ya taa. Lakini lazima niwe mwadilifu kwa ndugu yangu. Yeye ndiye aliyemzika baba. Yeye ndiye aliyekuwa akiamka alfajiri kwenda soko la mbuzi, akirudi na kwato za mbuzi wa watu zimemkanyaga miguu, na nyumba ikala. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka ambaye hakuwahi kuona mtihani ukimlisha mtu.

Hapa sina budi kueleza kazi niliyofanya Jidda, na hili ni gumu kwangu kuliko yote, kwa sababu nilikuwa sijamwambia mtu yeyote.

Nilipokuwa nikiulizwa, nilijibu: nilikuwa kwa mfanyabiashara wa mazulia. Ni kweli. Watu wa kijiwe cha chai walitaka kusikia zaidi, nami nikawaeleza juu ya ukumbi wake mkubwa wa wageni, mito iliyopangwa ukutani, ubani, wazee waliokuja na fimbo zenye vichwa vya fedha, na maneno waliyozungumza. Hayo nayo ni kweli. Nilichokiacha ni kwamba wao walikuwa wamekaa na mimi nilikuwa nimesimama. Nilikuwa mmimina kahawa. Miaka saba.

Asidhani mtu ni kazi ya kipuuzi. Birika linashikwa kwa mkono wa kushoto, vikombe vidogo visivyo na masikio vinashikwa kwa kulia, kimoja ndani ya kingine. Unaanzia kulia kwa mgeni mkubwa. Unamimina kidogo, robo ya kikombe, haizidi. Ukimjazia mgeni kikombe, umemwambia kunywa uende zako. Kisha unasimama mbele yake, macho chini, mpaka akitikise kikombe. Akikitikisa, ametosheka. Asipokitikisa, unamimina tena. Humtazami mtu usoni. Kinachozungumzwa hukisikii, na hata ukikisikia hukijui. Hukai. Sikumbuki kukaa mbele ya mtu yeyote katika nyumba ile, isipokuwa siku moja niliposhikwa na homa, na tajiri mwenyewe akanipeleka hospitali kwa gari lake.

Nasema hilo la hospitali kwa sababu ni haki yake. Hakunipiga, hakunitukana, hakunidhulumu. Aliniita "ya walad", yaani we kijana, hata ndevu zangu zilipoanza kuingia mvi moja moja, lakini wote walioshika birika waliitwa hivyo. Kwetu, mtu akikutana nawe njiani anakuuliza wewe ni wa nani, na babu yako ni nani, na wa kabla yake, na wewe unahesabu mababu mpaka mkutane mahali. Kule hakuna aliyeniuliza. Mwaka wa kwanza lilinikera. Mwaka wa tatu sikuliona tena. Mara moja nilijaribu kujihesabia mababu peke yangu jikoni, nikakwama kwa wa saba, nikarudi mwanzo, nikakwama tena hapo hapo.

Na kuna hili, ambalo naona aibu nalo zaidi. Siku moja tajiri aliwaambia wageni wake, akinionyesha kwa kidevu, "Huyu hata hasikiki." Alikuwa ananisifu. Nilifurahi wiki nzima.

Niliporudi Garissa niliona kuna kitu hakiko sawa lakini sikujua ni kitu gani. Niliingia nyumbani kwetu nikasimama mlangoni. Mama akaniambia, "Kaa, mwanangu. Unasubiri nani?" Msikitini nilijikuta safu ya mwisho. Kijiweni, mtu akimaliza chai yake, mkono wangu unashtuka. Nilijiambia ni uchovu wa safari, utapita. Labda ungepita kama wageni wa Hadado wangechelewa mwaka mmoja. Sijui. Huenda hata hilo ni kujitetea.

Alhamisi ile, basi. Mbuzi alichinjwa mapema, mwembamba, kiangazi kilikuwa kimemla kabla yetu. Wageni tuliwatazamia baada ya adhuhuri. Saa tano mama aliona sukari haitoshi, na ndugu yangu alikuwa anatandika mikeka sebuleni, nikasema nitakwenda dukani mimi. Hapo ndipo nilipokosea kwa mara ya kwanza, kwa sababu mwenye kukaa mahali pa baba yake haendi kununua sukari. Lakini nilikwenda.

Niliporudi kwa mlango wa nyuma, lori lilikuwa limewahi. Viatu vilikuwa vimejaa kizingitini. Wageni watano walikuwa wamekaa, na wazee wawili wa bulla yetu, yaani mtaa wetu, pamoja nao, na ndugu yangu. Katikati, pale ukutani palipokuwa pa baba, paliachwa wazi. Paliachwa kwa ajili yangu. Nilipaona.

Niliingia nikasema assalamu alaykum, macho chini. Birika la chai lilikuwa chini karibu na mlango, na vikombe juu ya sinia. Mgeni mkubwa, mzee mwenye ndevu zilizopakwa hina, alikuwa ametoka kwenye vumbi la safari ndefu na hakuwa na kitu mkononi. Basi.

Sikufikiri. Ningependa kuandika kwamba nilifikiri kuwapa wageni chai kwanza ndipo nikae, kwa heshima. Haikuwa hivyo. Nilipojitambua, birika lilikuwa mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia kimoja ndani ya kingine, nimeinama mbele ya mzee wa hina na nimeshammiminia robo kikombe.

Akakitazama. Akakionyesha kwa mwenzake.

"Kwa watu wa Garissa," akasema, "ukame umeingia mpaka kwenye birika."

Wakacheka wote. Kwetu kikombe cha mgeni hujazwa mpaka kikatishia kumwagika. Niliona aibu, lakini badala ya kujaza nilifanya nilivyofundishwa: nilisimama nikingoja akitikise. Akanywa kwa funda moja, akabaki amekishika. Nikamimina robo nyingine. Akanywa. Nikamimina.

"Kijana," akaniambia kwa upole, na mimi nilikuwa na miaka thelathini na minne, "wewe jaza, ukapumzike."

Ndugu yangu aliniambia baadaye kwamba alikuwa akinitazama muda wote huo. Ananiita kwa macho, ananionyesha pale palipo wazi, anataka apokee birika. Namwamini. Mimi sikuona, kwa kuwa nilikuwa sitazami nyuso.

Nilifika kwa mgeni wa tatu au wa nne, hapa sikumbuki, nilipomsikia mzee wa hina nyuma yangu akimuuliza ndugu yangu:

"Na yule kaka yenu mkubwa, aliyekuwa Arabuni? Tuliambiwa ndiye tutakayesema naye. Bado hajafika?"

Wazee wetu wawili walitazama mkeka. Mimi nilikuwa nimempa mgongo aliyeuliza, birika mkononi, na kilichotakiwa ni kugeuka tu. Ni mimi. Maneno mawili. Mdomo ulifunguka, naapa, nilihisi ulimi umejiandaa. Sauti ndiyo haikuja.

Ndugu yangu akasema, "Amepata udhuru. Ametoka kidogo. Tuendelee, mimi nipo."

Nimelipima jibu hilo mara nyingi kwa miaka hii miwili. Kuna siku nililiona ni kisu. Leo naliona ni shuka alilonifunika nalo. Angesema "ni huyu hapa", wageni wangejua kwamba mkubwa wa nyumba hii ndiye waliyemwambia ajaze akapumzike, na wangeondoka nalo mpaka Hadado. Alinificha aibu. Lakini kwa kunificha alinifungia nje, maana sasa hata nikikaa, nitakuwa nimemfanya ndugu yangu mwongo mbele ya wakwe. Kwa hiyo niliendelea kumimina. Nilimimina vizuri. Sikudondosha hata tone.

Mazungumzo hayakuwa marefu. Mambo mengi yalikuwa yameshazungumzwa na ami zetu kupitia watu. Lilibaki moja: lini.

"Sisi tunasema baada ya mvua," mzee wa hina akasema. "Majani yakiota, harusi inakuwa na maziwa. Mnasemaje?"

Nilikuwa nimesimama karibu na pazia. Lilikuwa la maua mekundu, na nyuma yake niliona chini vidole vya miguu ya dada yangu. Havikusogea.

Ndugu yangu alisita. Hilo pia lazima niliandike, alisita. Akaelekeza macho upande wangu, na safari hii nilimwona, kwa kuwa nilikuwa nimenyanyua uso. Kama ningesema neno pale, hata la kijinga, hata kikohozi, naamini angelipokea. Nilimtazama nikatazama birika.

"Inshallah baada ya mvua," akasema.

Wakainua mikono wakasoma Fatiha. Mimi niliweka birika chini nikainua yangu pia. Nikaitikia amina. Nimejiuliza kama amina ile ilihesabiwa.

Baada ya kula na kuswali, wageni waliondoka kuelekea stendi, lori lao lilikuwa linapakia magunia ya unga. Nyumba ikabaki na harufu ya mafuta. Nilikusanya vikombe. Mama alitoka nyuma ya pazia, akachukua kimoja mkononi mwangu, akakaa kwenye kigoda.

"Umemimina vizuri," akasema. "Nimeishi miaka mingi, sijaona mtu akishika vikombe vinne kwa mkono mmoja. Ulijifunza wapi?"

"Huko."

"Miaka yote saba?"

"Yote, hooyo."

Alianza kusugua kile kikombe kwa ncha ya mtandio wake, na kilikuwa safi.

Dada yangu alikuwa uani amekaa juu ya gunia, sare ya shule mapajani ameikunja. Nilisimama mbele yake. Nilitaka anitukane.

"Nilikungoja," akasema. "Nilisema moyoni, sasa atasema. Baada ya kikombe hiki atasema. Nilihesabu vikombe, aboowe."

"Nisamehe."

"Kwani ulikuwa unaogopa nini? Ni wazee wa ng'ombe tu, hata kusoma hawajui."

Nilimwambia sikuwa naogopa. Nikamwambia ukweli wa Jidda, kwa maneno machache, nikiwa nimesimama vile vile. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia, na sijui hata leo kama alilisema kwa huruma au kwa hasira:

"Basi wamekurudisha wewe, lakini kaka yangu wamebaki naye."

Nilitoka nikaenda stendi. Nilikimbia, na mtu wa umri wangu hakimbii mjini bila watu kuuliza kuna moto wapi. Lori lilikuwa bado. Mzee wa hina alikuwa amepanda mbele karibu na dereva, mkono nje ya dirisha. Nilisimama chini nikamwamkia, safari hii nikimtazama usoni. Nikamwambia mimi ni nani. Nilimtajia baba yangu na babu yangu, na wa kabla yake, nikaenda mpaka wa saba nikampita. Kisha nikamwambia neno la dada yangu: Novemba, mtihani, halafu walete lori.

Hakucheka. Nilidhani atacheka.

"Ni wewe uliyetumiminia chai."

"Ni mimi."

"Kwa nini hukukaa?"

Dereva alikuwa ameshawasha injini. Nikasema, "Nilisahau."

"Mtu husahau kofia," akasema. "Sikiliza, mwanangu. Ningekusikia ukiwa juu ya mkeka, tungezungumza. Miezi si mingi, sisi si watu wagumu. Lakini Fatiha imesomwa, na neno tumepewa na aliyekuwa amekaa. Nikifika kwetu niwaambie nini? Kwamba limebadilishwa barabarani na mtu aliyeshika birika? Watauliza hiyo nyumba ina mwenyewe au haina."

Hakuwa na ukali. Nimejaribu kuona alipokosea na sijaona. Aliingiza mkono ndani, lori likaondoka, na mimi nikala vumbi lake pamoja na wauza maziwa wa pale stendi.

Walimchukua baada ya mvua, kama ilivyosemwa. Mtihani ulifanywa na wenzake. Nasikia mumewe ni mtu mpole, na wana mtoto wa kike. Haandiki barua, na katika nyumba hii yeye ndiye aliyejua kuandika vizuri kutupita wote. Watu wakija na jambo la ukoo sasa humwendea ndugu yangu moja kwa moja. Hawanidharau, wananisalimia vizuri. Naye kila mara huniambia, "Njoo ukae." Nakaa. Nakaa karibu na mlango.

Siku ile nilirudi kutoka stendi jua likiwa linazama. Ndugu yangu alikuwa amekunja mikeka. Hakuniuliza nilikotoka, nami sikumweleza. Mama alipasha moto wali uliobaki, na mifupa ya yule mbuzi aliichemsha na chumvi ikawa supu nyepesi, kwa kuwa nyama yote waliila wageni. Tulikula watatu. Dada yangu alisema ameshiba.